Lori Lililoonekana Vizuri

Jumamosi saa nne asubuhi Generosa, msimamizi wa kiwanda cha unga wa muhogo Kasulu, alifungua kompyuta akaliona lori limesimama. Kidoti chekundu kwenye ramani kilikuwa karibu na Kumsenga na hakikusogea.

Lori lilibeba tani saba za mihogo mibichi kutoka Mabamba. Muhogo uking'olewa hauna subira. Siku ya tatu umeshakuwa mweusi ndani. Na mnunuzi wao pekee, mwenye kiwanda cha biskuti Mwanza, alishasema: unga wa kijivu ukija tena, mkataba basi.

Simu ikaita. Ni Felisiani, dereva.

"Mama, daraja limekwenda na mvua. Nimekata kupitia mashambani, njia yetu ya miaka yote. Kumbe kidude kimeona nimetoka njiani, kimezima injini."

"Si nilikwambia ufuate njia ya kwenye ramani?"

"Ramani hainyeshewi, mama. Nikate waya? Dakika mbili tu, naondoka."

Kifaa hicho cha kufuatilia lori kilifungwa Februari ili mihogo isiuzwe njiani, na tangu hapo haijaibwa hata kilo moja. Dereva wa kiwanda kingine cha kampuni aliyekata waya mwezi Machi alifukuzwa, na msimamizi wake pia. Generosa ana watoto watatu shuleni.

"Usiguse. Nampigia Lusajo."

Lusajo wa ofisi ya Dar es Salaam ndiye pekee aliyeweza kuifungua injini. Hakupatikana. Jumapili pia hakupatikana. Felisiani alipiga mara sita. Mara ya mwisho alisema tu, "Imeanza kunuka," akakata.

Jumatatu mchana Lusajo alipokea, mchangamfu.

"Nilikuwa harusini Tukuyu, dada, mtandao hamna. Nimeshafungua. Lakini umeona mfumo ulivyo makini? Hakuna hata gunia lililopotea!"

"Yapo yote," alisema Generosa.

Lori liliingia Jumanne asubuhi. Wanawake kumi na wawili wa kumenya walikuwa wameshakaa, visu mapajani. Generosa alivunja muhogo wa gunia la juu. Mweusi. Akavunja wa katikati, akavunja wa chini kabisa. Felisiani alisimama kando, hamtazami.

"Tumenye tu, mama, tutachambua," alisema Epifania, mkubwa wao.

"Mchambue nini? Nendeni nyumbani."

"Kesho tuje saa ngapi?"

"Msije."

Hakuna aliyeinuka. Epifania alivuta gunia karibu, akatoa muhogo, akaanza kumenya.