Saba kwa Kumi

Wiki ile Mwalimu Faustini alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mada ya maarifa: kujua ni nini, na mtu anajuaje kwamba anajua. Alikuwa amefundisha falsafa miaka kumi na minne katika chuo kimoja cha Dodoma, na mada hiyo aliimudu kiasi cha kuweza kuifundisha amefumba macho. Alhamisi jioni, akiwa nyumbani kwake Mkonze anamenya karanga na mkewe Restuta, simu iliita. Alikuwa dada yake, Editha, kutoka kijijini kwao wilayani Chemba.

Editha aliongea Kisandawe, lugha ya kwao, ile ambayo ulimi huigonga kwenye kaakaa mpaka wageni hugeuka kutazama. Alisema bintiye, Loisi, aliyekuwa darasa la pili, ameonekana hawezi masomo. Shule ilitaka apelekwe mjini, kwenye bweni la watoto wenye ulemavu wa akili. Kulikuwa na fomu, na Jumatatu alitakiwa kwenda kuweka dole gumba.

"Ana nini hasa?" Faustini aliuliza.

"Wanasema akiulizwa hajibu. Kaka, huyu mtoto nyumbani hanyamazi! Kama ni ugonjwa, mbona unamshika shuleni tu? Na baba yake yuko porini analina asali, hana hata habari."

"Usiweke dole. Jumatatu nitakuwa hapo."

Restuta alimtazama. Jumatatu hiyohiyo mumewe alikuwa msemaji mkuu katika kongamano la sera ya elimu, na suti ilikwisha kupigwa pasi.

"Na kongamano?"

"Deusdedit wa idarani kwetu atanisomea mada yangu."

"Walikutaka wewe, Faustini, si karatasi zako."

"Nitasimamaje mbele ya watu kueleza maana ya elimu, na siku hiyohiyo mtoto wa dada yangu anafungashwa kama mzigo?" Restuta alirudi kwenye karanga. Akasema tu kwamba koti zito litafaa, maana asubuhi za huko zina baridi.

Jumatatu alishuka kwenye basi, akapanda bodaboda kutoka barabara ya lami, na saa nne alikuwa mbele ya ofisi ya shule, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye nyusi. Editha alikuwa amekwisha kufika, amekaa ukingoni mwa kiti. Loisi alisimama pembeni ya mama yake, akamwamkia kwa sauti ya chini, "Shikamoo mjomba," kisha akatazama sakafu.

Mwalimu mkuu aliitwa Shamimu, mwanamke wa Tanga mwenye miaka hamsini hivi, miwani yake imefungwa uzi. Faustini alikuwa amejiandaa kukutana na mtu mkali, akakuta mtu aliyechoka.

"Mwalimu, karibu. Nilisikia utakuja," alisema Shamimu. "Sitaki tugombane. Simchukii mtoto huyu. Miezi saba namuuliza, ananitazama. Namwambia ahesabu, anatazama mlango. Mkaguzi akija atauliza nimefanya nini. Basi nimefanya hili."

"Umemuuliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Kuna nyingine?"

Hasira zilimpanda Faustini. Alitaka kusema maneno makali, na alikuwa nayo mengi. Lakini kazi yake yote ilikuwa kuwaambia vijana kwamba anayedai jambo ndiye alete ushahidi, na hapa mwenye kudai alikuwa yeye.

"Tumpime sasa hivi," alisema. "Maswali kumi, uyachague wewe mwenyewe, mimi nimtafsirie. Na ili usidhani namnong'oneza majibu, tumwite mtu wa hapa asikilize. Nikiongeza neno hata moja, aseme."

Shamimu alifikiri kidogo, akakubali. Aliitwa Ikram, binti wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne na kukaa dukani kwa shangazi yake jirani na shule. Aliingia akijifuta unga mikononi, akaelezwa, akaketi.

Shamimu alimwaga mbegu za maboga mezani, akataka Loisi azihesabu. Faustini alitafsiri. Mtoto aliinua uso, akamtazama mjomba wake kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya umati. Kisha akahesabu mpaka kumi na tano. Zikitolewa saba zinabaki ngapi? Nane. Shamimu alimsimulia kisa kifupi cha sungura na kibuyu cha maji, Loisi akakisimulia upya na kuongeza kwamba sungura alikuwa mjinga kutofunga mdomo wa kibuyu. Ikram alicheka. Kwenye siku za wiki Loisi alikwama baada ya Jumatano. Alipooneshwa herufi alikosea mbili. Swali la mwisho, la kupanga vijiti kwa urefu, alilimaliza kabla Faustini hajafunga mdomo.

Shamimu alijumlisha, akahakiki tena.

"Saba kwa kumi," alisema taratibu.

"Si maajabu," Faustini alisema. "Ni mtoto wa kawaida. Na mtoto wa kawaida hafungashwi."

Alidhani amekwisha kushinda. Lakini Shamimu alivua miwani, akaiweka juu ya ile fomu.

"Sawa, Mwalimu. Na kesho nani atamuuliza kwa lugha hiyo? Wewe utarudi Dodoma kwa watu wako arobaini wanaokuelewa. Mimi darasa la pili nina watoto mia moja na kumi na wawili, na walimu tuko wanne. Usinipe tu kosa langu. Nipe na cha kufanya."

Swali hilo lilimuuma Faustini kuliko dharau yoyote. Alikumbuka kwamba wanawe wawili, kule Mkonze, hawakujua hata kumsalimia bibi yao kwa Kisandawe. Si kwamba walikataa. Yeye ndiye hakuwafundisha. Alipokwenda sekondari walimcheka kwa zile sauti, akazimeza moja baada ya nyingine, na alipokuwa mtu mzima akaona ni jambo lililopita. Miaka kumi na minne alikuwa akiuliza watu kujua ni nini, wala hakuwahi kujiuliza ni nani anayehesabiwa kuwa anajua.

"Nipe mpaka Jumatano," alisema. "Na fomu hiyo isipelekwe."

Siku ile na iliyofuata hakupumzika. Alizungumza na Ikram kuhusu kuwasaidia watoto shuleni, naye akauliza jambo moja tu: atakuwa msaidizi wa kweli au wa kufagia? Alikwenda nyumba kwa nyumba na Editha, na akakuta watoto wengine kumi na watano wa darasa lilelile wanaonyamaza shuleni na kupiga kelele nyumbani. Aliandika majina yao. Jioni Deusdedit alimpigia kusema mada ilipigiwa makofi sana. Faustini alishukuru, akaona makofi hayo hayamhusu.

Jumatano kamati ya shule ilikutana darasani. Alikuwepo diwani, Mheshimiwa Yoramu, mtu mpole anayependa mambo yaende bila kelele. Faustini alieleza ombi: Ikram akae na watoto hao saa moja kila asubuhi kabla ya kengele, awaeleze kwa Kisandawe yale ambayo mwalimu atafundisha siku hiyo kwa Kiswahili.

Diwani aliguna. "Mwalimu, ninyi wasomi mna maneno matamu. Lakini kesho watasema Yoramu ameruhusu ukabila shuleni. Taifa hili limeunganishwa na Kiswahili."

"Mheshimiwa, mimi naongea na wewe kwa Kiswahili, na mshahara wangu unatokana na Kiswahili na Kiingereza. Sikipingi. Nataka na Loisi akifikie. Mtoto huvushwa kutoka alipo. Ninyi mnamsubiri ng'ambo halafu mnasema hana miguu."

"Na wa makabila mengine?"

"Waje wakae wasikilize. Mlango hautafungwa."

"Wakubwa wakiuliza nani ameruhusu?"

Faustini alikuwa anafungua mdomo aseme wataje jina lake, lakini Shamimu alimtangulia.

"Waambiwe ni mimi," alisema. "Ni kabla ya kengele, si kwenye ratiba. Mimi ndiye niliyeandika mtoto hana akili. Acha niandike na hili."

Diwani alimtazama, akatazama wazazi waliojipanga madirishani, akasema wajaribu mpaka mwisho wa muhula. Aliomba neno "majaribio" liandikwe mara mbili kwenye muhtasari, likaandikwa.

Mambo hayakwenda kama maji. Wiki ya tatu barua ilitoka wilayani kuuliza darasa hilo limeanzishwa kwa mamlaka gani. Faustini alikwenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi la ofisi ya elimu tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Afisa alipompokea alimwambia arudi wiki ijayo. Akarudi wiki iliyofuata na karatasi ya maswali kumi, majibu ya watoto kumi na sita, na sahihi za Shamimu na Ikram. Afisa alisoma, akauliza kama watoto wote hao walikuwa wa kupelekwa bweni. "Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameandikiwa," Faustini alijibu. "Kumi na tano walikuwa wanangoja zamu." Aliondoka na ruhusa ya mwaka mmoja.

Kila Jumamosi ya pili alipanda basi kwenda kumsaidia Ikram kuandaa masomo, na alikwenda na wanawe, waliolalamika njia nzima. Chuoni hakuacha kufundisha maarifa, ila alianza mada kwa swali jipya: taja kitu unachokijua ambacho hujawahi kuulizwa darasani. Mwaka huo wanafunzi waliongea mpaka wakapitiliza muda.

Novemba, darasa la pili lilipopimwa, Loisi alifaulu kuhesabu na kusoma. Kuandika alishindwa. Editha alimpigia kaka yake akiwa na wasiwasi.

"Sasa watasema nini?"

"Watasema hajui kuandika," alijibu Faustini, "na safari hii watakuwa wamesema kweli. Basi Januari tunaanzia hapo. Mwambie Ikram aagize penseli nyingi, na baba yake akirudi kutoka porini aje shuleni. Nataka watoto waandike kuhusu asali, na mimi sijui chochote cha nyuki."