Kushinda Kidogo

Fundi makochi alikuwa mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni. Akiwa kazini huishika kwa midomo, akiuchomoa mmoja mmoja na kugongomea kitambaa kwenye mbao, na mteja akimsemesha hujibiwa kwa nyusi. Binti yake wa pekee alikulia katika karakana hiyo, akawa na mkono mwepesi kuliko wa baba. Ila siku alipopewa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu aifundishe, aliweka nyundo chini akaenda. Majirani wakapata la kuchekea: "Fundi makochi kazaa kocha!" Mwenyewe hakucheka. Alisema tu, "Kikapu hakijazi tumbo," na hakuwahi kukanyaga uwanjani.

Lakini damu ni nzito kuliko maji. Mkabala na karakana palikuwa na duka la kubeti, na kila fundi alipoona jina la timu ya binti yake limebandikwa mlangoni, aliingia kama mtu anayekimbia mvua, akaweka hela ya chai kwamba watashinda. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kumshangilia. Hata mkewe hakujua.

Jumatatu moja aliingia kifua mbele. Timu ilikuwa imeshinda, redio ilitangaza, na safari hii alikuwa amechagua safu mpya yenye malipo manono. Akasukuma tiketi dirishani. Dada wa dirishani akaitazama, akamrudishia.

"Pole mzee. Hii imechanika."

"Imechanikaje? Wameshinda hawa!"

"Wameshinda kwa pointi nne."

"Sasa? Kushinda si kushinda?"

Dada akavuta kiti karibu. Duka lilikuwa tupu, na mzee huyu alikuwa na sura ya mtu aliyeporwa. "Tiketi ulizozoea zinauliza nani atashinda, basi. Hii inauliza atashinda kwa kiasi gani. Ina njia tatu. Ya kwanza, wenyeji washinde kwa pointi sita au zaidi. Ya pili, wageni washinde kwa sita au zaidi. Ya tatu ni ya kati: ashinde yeyote, mradi tofauti isizidi tano. Wewe ulisimama kwenye ya kwanza, mechi ikapita ya kati."

"Wakitoka sare?"

"Kikapu hakina sare. Huongezewa muda mpaka mmoja amzidi mwenzake, na hayo matokeo ya mwisho ndiyo tunayoyahesabu."

Fundi akakuna kidevu. Mtu aliyeishi kwa futi kamba haoni taabu kuelewa vipimo. "Kwa hiyo wao wameshinda, mimi nimeshindwa, na wote tulikuwa upande mmoja."

"Hapo umenena."

Akawaza. Msimu mzima timu ile ilikuwa ya roho juu: ikishinda ni kwa pointi tatu, ikifungwa ni kwa mbili. "Basi Jumamosi niwekee ya kati."

"Nitakuwekea. Ila usije ukaninunia, mzee. Ukipita njia yoyote kati ya hizo tatu, duka limeshajikatia lake mapema."

Jumamosi ilipofika, nyundo haikumkaa mkononi. Tiketi ile ilimwasha mfukoni kama upupu. Mwishowe alifunga karakana, akamdanganya mkewe kwamba anafuata sponji, na miguu ikampeleka uwanjani. Alikaa safu ya nyuma kabisa, pembeni ya mama mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe akicheza.

Ndipo alipomwona binti yake kazini. Hakuwa yule wa kushona mito. Alitembea kando ya mstari mikono nyuma, akasema neno moja, na wachezaji watano wakahama kama wamevutwa kwa uzi mmoja. Fundi alijikuta amefungua mdomo.

Dakika ya mwisho walikuwa mbele kwa pointi tatu. Fundi alikuwa peponi: binti anashinda, tiketi inashinda. Mara mchezaji wao mmoja mfupi akapokonya mpira, akakimbia, akafunga. Tano. Wapinzani wakamkumba mwingine, akapewa mtupo wa bure. Uwanja ukanyamaza, na katika ukimya ule fundi akasikia sauti yake mwenyewe:

"Kosa! Kosa!"

Yule mama akageuka taratibu. "Baba, kwani wewe ni wa upande gani?"

Fundi akafunika macho kwa viganja, akachungulia kati ya vidole. Uso ulimwaka. Mpira ukazunguka kwenye chuma, ukatumbukia. Sita. Filimbi ikalia, na kabla hajajijua alikuwa amesimama juu ya benchi akipiga kelele, "Mwanangu huyo! Nimemzaa mimi!" Kule chini kocha alikuwa ameshamwona.

Alimfuata baba yake langoni. "Baba, leo jua limechomoza wapi? Na mbona mtupo wa mwisho ulifunika macho?"

Angeweza kusingizia vumbi. Lakini akatoa tiketi, akaeleza yote, njia tatu na ya kati.

Binti akacheka hadi akashika ukuta. "Yaani uliniombea nishinde kidogo?"

"Nusu dakika tu."

Kisha kicheko kikamkauka. "Baba, hili si la mchezo. Kanuni za ligi zinakataza ndugu wa kocha kubeti kwenye mechi zake. Watu wakijua, watasema mimi na wewe tunapanga matokeo. Timu nzima itachafuka."

"Wallahi sikujua." Fundi aliitazama tiketi, akaichana vipande. "Basi. Na dada wa dirishani nitamwambia mwenyewe asinipokelee tena." Akakohoa. "Lakini yule wako mrefu anachoka mapema. Robo ya nne alikuwa anaburuta mguu wa kulia."

Kocha akamkazia macho. "Umeona hilo kutoka kule nyuma?"

"Mimi naangalia miguu ya viti miaka yote. Kinachoyumba nakijua."

Wakatembea wakibishana kuhusu yule mrefu, apumzishwe lini, aingie nani. Walipofika nyumbani mama mtu akawatazama wote wawili mlangoni, akauliza sponji iko wapi. Hakujibiwa, walikuwa bado wanabishana.

Mechi iliyofuata fundi alikaa safu ya mbele, mkewe ubavuni, mfukoni hana hata tiketi. Timu ya binti yake ilifungwa kwa pointi kumi na tisa, kipigo cha mbwa koko. Wengi waliondoka kabla ya filimbi. Yeye alishangilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akashuka uwanjani, akampa kocha mkono mbele ya wachezaji wake wote, na kuuliza mazoezi huanza saa ngapi.