Waya wa Julieth na Bangili za Bibi

Julieth alikuwa na waya mmoja tu, na waya wenyewe ulikuwa umeamua kumwaibisha.

Ulikuwa waya wa jiko la umeme, mwembamba, mtupu bila ganda. Kazi yake ya fizikia ya kidato cha sita ilikuwa nyepesi kuisema: aonyeshe kwamba waya ukirefuka, ukinzani unapanda, kwa maana umeme unapata njia ndefu ya kusumbuka. Mwalimu Lugembe angepita kukagua kabla ya adhana ya alasiri. Asiye na vipimo vya kueleweka angepata sifuri, na sifuri hiyo ingemfuata hadi mtihani wa taifa kama mbwa aliyezoea mifupa.

Julieth akarefusha. Ukinzani ukakaa palepale. Akapima tena. Palepale. 

"Mnyamwezi," alisema Zuena, mwenzake wa meza, "babu zako walibeba pembe kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Wewe unashindwa na uzi huu?"

"Walibeba kwa sababu babu zako Wazaramo walikuwa wamelala."

Alijibu hivyo macho yakiwa kwenye waya. Makabila yao yalianza kutaniana tangu enzi za misafara, na utani wa kurithi haungoji mtu amalize mtihani.

Akabadilisha betri. Akasugua vibanio. Akamwomba Mungu, kisha kwa tahadhari akaiomba na ammita, kipima umeme unaopita. Viatu vya mwalimu vikasikika barazani.

"Tuandike namba zinazofaa," Zuena akanong'ona. "Nani atajua?"

"Lugembe atajua. Yule ananusa namba ya kupikwa kama mama mkwe anavyonusa mboga iliyoungua."

Zuena akainama kuutazama waya. Meza ilikuwa fupi, kwa hiyo Julieth alikuwa ameuzungushia kijiti cha mninga, kama bibi yake kule mtaa wa Ng'ambo alivyomfundisha kutengeneza bangili za wacheza ngoma: mzunguko ubanane na mzunguko, hata unywele usipite. Mwanya, bibi husema, ni uvivu unaochungulia.

"Mtani, huu waya unakwenda kupimwa au kuolewa?"

 Julieth akaipapasa mizunguko. Yote imegusana, chuma kwa chuma. Sasa umeme uhangaike kuzunguka kijiti kizima ya nini, wakati unaweza kuruka bangili hadi bangili, kama mtoto anayekatiza uwanja wa jirani?

"Shika ncha hii," akasema. "Kimbia nayo dirishani."

Waya ukanyooka. Mshale wa ammita ukashuka: umeme umepungua, ukinzani umepanda. Wakaongeza urefu, ukashuka tena. Ndipo mlango ukafunguka.

"Mnaanika nini?"

"Shikamoo, mwalimu. Waya."

"Marahaba." Mwalimu Lugembe alikuwa ameshaona vipimo vya kwanza, vibaya, pale mezani. "Na hivi?"

 Angeweza kuilaumu betri, betri haijitetei.

"Nilikosea, mwalimu. Niliusuka kama bangili ya bibi."

Mwalimu akakiokota kijiti, akampa. 

"Usuke tena, nione."

Akausuka. Mshale ukapanda juu. Mwalimu akauangalia, akauangalia na mkono wa Julieth.

"Hivyo vya kwanza usivifute. Viandike na sababu yake." Akatia saini. Mlangoni akageuka. "Bibi yako bado anasuka? Mama yangu yuko Isikizya, anatafuta jozi ya bangili."

"Anasuka."

"Tena bila mwanya, mwalimu," alisema Zuena, bado ameshika ncha yake.