Jina Kwenye Folda Arobaini na Mbili

Ijumaa saa nane mchana Salaseini alizifunga folda za pamoja, na ofisi nzima ya meli pale Suva ikaanza kulalama. Alikuwa anazihamisha kutoka seva ya zamani ya barua pepe kwenda mpya, na mpaka zifike zote hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

"Sala, umetufungia kazi!" Vilikesa wa tiketi alipaza sauti kutoka kaunta. "Bila folda ya wasafiri mimi ni sanamu tu hapa."

"Hata jana ulikuwa sanamu," akamjibu bila kugeuka.

Uhamisho ulifika nusu, ukakwama. Kwenye kioo yakatokea maandishi mekundu: kuna jina lenye ruhusa katika folda arobaini na mbili, na seva mpya hailifahamu. Lilikuwa la Makereta, dada yake, aliyeshika dawati la wasafiri miaka kumi na mmoja, akafa kwa ugonjwa wa moyo mwezi uliopita. Akaunti yake aliifuta Salaseini mwenyewe siku ya pili baada ya maziko, maana ndiyo kazi yake. Ruhusa hakuzikumbuka.

Bwana Arvind, mkuu wake, akaja na kikombe cha chai, akasoma, akakiweka kikombe mezani.

"Binti yangu, inuka hapo. Nitaliondoa mimi."

"Utafuta folda nzima, bosi, kama mwaka juzi."

"Basi nitakaa nawe."

"Kaa."

Fungua folda, tafuta jina, ondoa, thibitisha. Ratiba za meli za kisiwa cha Kadavu. Mizigo iliyopotea. Malalamiko. Aliyangoja machozi kama mtu angojavyo chafya, hayakuja. Katika folda ya chakula cha mchana alikuta Makereta amewaandikia wote: "Sala msimpe muhogo mkubwa. Atasema anajinyima, kisha atakula wangu." Arvind alicheka, halafu akajiziba mdomo. Salaseini akaondoa jina, akaenda kwenye folda inayofuata.

Saa kumi na moja kila kitu kilikuwa kimehamia, folda zikafunguka. Watu wakachukua mikoba yao. Vilikesa peke yake alibaki amesimama.

"Dada, kuna barua pepe hii ya juzi. Nimeshindwa kuijibu."

Ilitoka kwa mzee mmoja wa Kadavu. *Mama Makereta, mke wangu anatoka hospitali Jumanne. Ngazi haziwezi. Utamwekea kitanda cha chini kama mara ile?*

"Kipo?" Salaseini akauliza.

"Kimoja."

"Kiandikie jina la mkewe."

Kisha akavuta kiti, akajibu mwenyewe: *Kitanda kipo. Makereta amefariki. Mimi ni mdogo wake.*

Sentensi ya katikati aliisoma mara mbili, kana kwamba ameletewa na mtu mwingine. Akaituma. Akamuuliza Vilikesa kama basi la Nasinu limeshapita.

"Bado," Vilikesa akasema. "Twende wote."