Zamu ya Mama Mkwe

Msusi alikuwa na desturi moja saluni kwake. Ukikaa kwenye kiti, kabla hajagusa hata chanuo, lazima ujibu swali lake: "Siku hizi unasikiliza nini?" Ukishajibu, wimbo wako unawekwa kwenye spika, saluni nzima inausikia, na ole wake atakayecheka kabla haujafika katikati. Kwa mtindo huo wateja walikuwa wameambukizana rege, rumba na hip hop, na mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa amewatia wote wazimu wa jazi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumuuliza: mama mkwe wake.

Mama huyo alihamia kwa msusi na mumewe baada ya kustaafu kazi ya kiwanda cha nguo. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na msusi alimwogopa kama mtihani. Tangu siku alipoingia na sanduku lake, redio ya nyumbani ilizimwa. Msusi, ambaye hawezi kuosha hata kijiko bila muziki, akawa anajifungia bafuni na hedifoni masikioni, bomba limefunguliwa ili adhaniwe anaoga.

Sasa asubuhi moja mama mkwe akatokea saluni bila taarifa.

"Nimekuja kusukwa, mwanangu. Mistari ya kurudi nyuma, isinibane sana."

Msusi akapunguza spika harakaharaka, akamkalisha, akamfunga taulo shingoni. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mstari wa kwanza pale msaidizi wake, waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama shavuni, msichana asiye na breki mdomoni, aliporopoka:

"Bibi, na wewe siku hizi unasikiliza nini?"

Msusi akamkata jicho. Lakini haikuwa na dawa tena; neno lilishatoka.

"Mimi?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo, bibi. Hapa hasamehewi mtu."

Mama akafungua pochi, akatoa simu. "Haya. Lakini mtanivumilia."

Kila mtu akajiandaa kusikia kwaya. Kidoti alishafumbata mikono kifuani kwa heshima.

Gitaa likanguruma kama lori linalopanda mlima. Ngoma zikaanza kufukuzana, kisha mwanamume akapiga ukelele kama aliyebanwa kidole na mlango. Mteja aliyekuwa chini ya draya ya kukaushia nywele akaruka. Chupa za mafuta zikatetemeka rafuni. Na mama mkwe, macho ameyafumba, akawa anatikisa kichwa chake cha mstari mmoja mbele na nyuma, chanuo likining'inia pembeni.

"Mama! Hii si roki nzito?" msusi akapaza sauti.

"Ndiyo yenyewe! Subiri, ngoma zenyewe bado!"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma wa karakana ya jirani, pande la mtu, miwani myeusi usoni na koleo mkononi.

"Kimelipuka nini humu?"

"Hakijalipuka kitu, baba," mama mkwe akamjibu. "Kaa, wimbo haujafika katikati."

Akakaa.

Wimbo ulipoisha, wote wakaongea kwa mpigo. Ameutoa wapi? Nani kampa? Mama mkwe akacheka, kicheko ambacho msusi hakuwahi kukisikia nyumbani.

"Maisha yangu yote nimefanya kazi katikati ya mitambo ya kufuma," akasema. "Ukumbi mzima unanguruma, mtetemo unakupanda kutoka miguuni mpaka kwenye meno. Nilipostaafu wakaniambia nipumzike. Kupumzika gani, masikio yana njaa? Siku moja kijana mmoja akaegesha gari karibu na dirisha langu, muziki huu unalia. Nikatoka mbio na ndala mguu mmoja. Nikamwambia, kijana, hicho ni kiwanda changu! Hizo ngoma ni mitambo. Na huyo anayefoka ni msimamizi wetu mtupu!"

Saluni ikaangua kicheko. Msusi ndiye aliyechelewa kucheka.

"Lakini mama, mbona nyumbani hujawahi kuufungua?"

"Nyumba yenyewe imenyamaza vile! Nikasema mkwe wangu hapendi kelele, nisije nikawa mama mkwe msumbufu. Nasikilizia chini ya shuka."

"Na mimi nasikilizia bafuni, nikikuogopa wewe!"

Mama akageuka mzima kwenye kiti. "Kumbe! Na mimi namuuliza mwanangu, mkeo ana ugonjwa gani wa ngozi, mbona haishi kuoga?"

Msusi akacheka mpaka akashika meza. Fundi naye akavua miwani, akakohoa.

"Mimi ni kwaya," akasema kwa haya. "Nikishavaa kinyago cha kuchomelea, naimba besi."

Wakamwekea, akaimba, sauti yake ikajaa chumba kizima. Kisha Kidoti akamgeukia msusi. "Na wewe, bosi? Kila siku unauliza, hujawahi kujibu."

Msusi akatoa simu yake. Wimbo wake ulikuwa opera, sauti ya mwanamke katika lugha asiyoielewa hata neno moja. Ulimjia kwenye simu kwa bahati tu, na tangu hapo haukumwachia. Akabonyeza.

Sauti ikapanda, ikatulia, ikapanda tena mpaka ikaonekana haina pa kwenda, nayo ikapata. Mama mkwe akamshika mkono.

"Anamlilia nani huyu?"

"Sijui, mama. Nadhani mtu aliyemwacha."

"Wapi! Huyu halii. Anamfukuza mtu mlangoni kwake."

"Anasali," akasema fundi.

"Anajifungua," akasema wa chini ya draya, na ubishi ukawaka moto. Wakaurudia wimbo kwa ajili ya ushahidi, wakaurudia tena, hakuna aliyekubali kushindwa. Mistari ya mama ilikamilika jua limeshapinduka, na mmoja ulikuwa umepinda.

Walirudi nyumbani kwa miguu, hedifoni moja sikioni kwa msusi, ya pili sikioni kwa mama, wakisikiliza opera ile, wamegandana kama wasichana wa shule. Katikati ya kuvuka barabara mama akasimama.

"Mama, gari!"

Dereva akapiga honi. Mama akamwinulia kiganja bila kumtazama.

"Asubiri," akasema. "Anakaribia pale juu."