Mistari Kifuani mwa Fundi

Fundi cherehani alikuwa na miezi miwili hajalala chali. Kila akijinyoosha, uvimbe wa pafuni unamkaba, anakohoa mpaka anatema damu. Basi akawa analala kitini. Daktari hakumficha: mionzi haitamponya, ila itaupunguza huo uvimbe, apumue, alale kitandani kama watu.

"Siku tano tu. Na mistari tuliyokuchora kifuani usiiguse. Ndiyo inayoielekeza mashine."

Siku ya tatu, binti yake alimsaidia kuvua shati kwenye chumba cha kusubiri, akapigwa na butwaa. Mistari iliyokuwa imefifia jana sasa ilikuwa imekoza, imenyooka kama mstari wa pasi kwenye suruali.

"Baba! Nani kachora?"

"Mimi. Kwa kioo na rula ya kazini. Yule dada wa mionzi aliipinda. Miaka thelathini nakata suti, nisione mstari uliopinda?"

"Lazima tuwaambie."

"Nyamaza! Watanirudisha nyumbani. Mwanangu, nataka kulala mimi."

Mara akaja dada wa mionzi na viatu vyake vya raba. "Haya mzee wangu, twende."

Binti hakuwa msemaji. Hata sokoni alinunua kwa kuonyesha kidole. Baba akamkata jicho. Binti akamgeukia dada.

"Dada... hiyo mistari siyo yenu. Kaichora mwenyewe."

Dada akainama, akaikagua. "Mkono anao! Lakini imehama kidole kizima. Tungechoma pasipohusika."

"Yenu ilipinda," fundi akanuna.

"Mzee, mteja wako unampima kasimama au kalala?"

"Kasimama. Analalaje?"

"Sisi wetu kalala, kama wewe unavyojikaza dakika chache pale mezani. Ukisimama mbele ya kioo ngozi inashuka, mstari unapinda. Ukilala unanyooka."

Fundi akafikiri, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimeharibu suti ya watu!"

Wakampiga picha upya, wakapima, wakachora. Saa nzima ilipotea, lakini hakuna aliyemrudisha nyumbani.

Wiki mbili baada ya siku ya tano, binti alirudi mchana akakuta kiti kitupu. Akakimbilia chumbani. Baba yuko chali, mdomo wazi, anakoroma mpaka pazia linatikisika. Mama kakaa ukingoni mwa kitanda, kajiziba masikio.

"Mgeuze ubavu huyu!"

"Mwache, mama."

"Nimwache? Miezi miwili nimezoea kimya mimi!" alifoka mama, huku akimvutia shuka taratibu, asije akamwamsha.