Mabao Matatu ya Mezani

Mume wangu alipokuwa kamishna wa ligi ya wanawake, aliyempigia debe alikuwa kaka yangu mwenyewe. Kaka anamiliki timu, anamiliki na uwanja inaochezea, na siku hizo alikuwa akitafuta mtu mpole wa kukalia kile kiti. Akawaambia wamiliki wenzake, "Mchukueni shemeji yangu. Hana neno yule. Hata nyumbani kwake akitaka chumvi anaanza kwa samahani." Ilikuwa kweli. Wakampa kura zote, nami nikacheka, maana nilidhani nimeolewa na mtu ninayemjua.

Wanasema ukitaka kumjua mtu mpe cheo. Wiki haikuisha, mume wangu akawa anakula chakula cha usiku na kitambulisho shingoni. Kitabu cha kanuni kikahamia kwenye mto, upande wangu. Nilipomwambia dirisha la chumbani halifungi, alinijibu kwamba suala limepokelewa. Mpaka leo halifungi.

Sasa kaka naye alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kila mechi ya nyumbani aliingia uwanjani na suti, akawapa mkono wachezaji wote wa timu zote mbili, kisha akashika kipaza sauti na kuhutubia. Wasichana walisimama hapo mpaka jasho la mazoezi likawakauka mwilini. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, maana kipaza sauti ni chake, umeme ni wake, na lango ni lake.

Kamishna alithubutu. Kwenye mechi ya kwanza aliyoisimamia pale, alimfuata hadi katikati ya uwanja na kumwambia kwamba wakati huo wanaoruhusiwa ndani ni wachezaji na waamuzi tu.

"Shemeji," kaka akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, "nyasi hizi nimezipanda mimi."

"Umepanda nyasi. Kanuni hukupanda wewe. Na hapa mimi si shemeji, ni Kamishna."

Uwanja mzima ukasikia. Kaka akatoka huku mashabiki wake wakimwangalia, na refa akijifanya anafunga kamba za viatu. Kesho yake mume wangu akampiga marufuku kukanyaga uwanja mpaka msimu uishe. Kesho kutwa yake kaka akabandika tangazo langoni kwamba Kamishna akija, akate tiketi kama watu wengine. Kamishna kusikia hivyo, akaihamishia mechi ya mwisho ya timu ya kaka kwenye kiwanja cha shule, ambacho mlingoti wake mmoja wa goli umeinama. Kaka akaapa kwamba timu yake haikanyagi huko, potelea mbali.

Wapiganapo tembo nyasi huumia, wahenga walisema. Kwetu nyasi zilikuwa salama salimini. Zilimwagiliwa kila asubuhi. Aliyeumia ni binti yangu.

Binti yangu ni kipa, na timu yake ndiyo hiyo ya mjomba wake. Misimu miwili alikuwa akisugua benchi nyuma ya kipa mkubwa, mwanamke wa miraba minne aliyejaa goli lote. Hakuwahi kucheza mechi hata moja ya ligi. Halafu yule mkubwa akavunjika kidole, na kocha akamwambia mwanangu: mechi ya mwisho ni yako. Alikuja mbio dukani kwangu, mimi nikiwa kwenye cherehani, akanirushia jezi ya kipa mkubwa. "Mama, ipunguze mabega!" Nilipoipunguza aliivaa mbele ya kioo, akajirusha kwenye marobota ya vitambaa, akamwangusha mteja. Sikumgombeza. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu utoto wake.

Mechi hiyo ndiyo ambayo wakubwa wawili walikuwa wakiigombania. Alimwendea baba yake kwanza.

"Baba, irudishe mechi uwanjani kwa mjomba. Nakuomba."

"Mwanangu, mimi siwezi kupendelea mtoto wangu. Watu watasemaje?"

Akamwendea mjomba wake.

"Mjomba, tupeleke tu shuleni tukacheze."

"Mjomba wako hana ugomvi na wewe, mama. Hili ni suala la heshima."

Mimi nilimsema mmoja kitandani na mwingine kwenye simu. Wote walinisikiliza kwa adabu kubwa, na wote waliniambia sielewi mpira.

Siku ya mechi binti akabeba begi lake.

"Unakwenda wapi, na timu haiendi?" nikamuuliza.

"Mimi nimepangwa, mama," akasema, akatoka.

Nikafunga duka, nikamfuata.

Kiwanjani, wapinzani walikuwa wamejipanga mstari mmoja, wamevaa tayari. Kanuni inasema refa asubiri nusu saa. Timu isipotokea, wenzake wanapewa mabao matatu ya mezani. Mume wangu alikuwa pembeni kwenye meza yenye kitambaa cheupe, kitabu mbele yake. Mwanangu akatoka kwenye darasa alilobadilishia nguo, peke yake, glovu mkononi. Akatembea mpaka golini, akapiga mlingoti wa kulia, akapiga na ule ulioinama, akasimama katikati.

Refa akaenda kumuuliza Kamishna. Kamishna akafunua kitabu, akafunua tena. Kitabu kilisema mtu mmoja si timu. Lakini hakikusema kwamba mtu mmoja haruhusiwi kusimama golini watu wakisubiri. Akamwambia refa aendelee kuangalia saa.

Mshambuliaji wao, dada mmoja wanayemwita Nyundo, akachoka kusimama. Akauweka mpira kwenye alama ya penalti.

"Dada, nikupigie moja?"

"Piga."

Akapiga. Mwanangu akaupangua. Mwingine akaja, akapiga chini kushoto, mwanangu akaulalia. Wa tatu akapaisha, wenzake wakamzomea. Watu waliokuwa wakipita barabarani wakaanza kusimama uzioni. Nyundo akarudi kwa hasira, akaupiga kwa nguvu zake zote, ukagonga mlingoti ulioinama na kurudi. Kila mpira ulipotoka watu walishangilia kama fainali, nami nilikuwa nikipiga kelele mpaka kilemba kikadondoka. Hakuna ulioingia. Namwapia yeyote anayebisha: hata mmoja.

Ndipo nusu saa ikaisha na refa akapuliza kipenga. Mume wangu akasimama, akakohoa, akatangaza kwamba wenyeji wameshindwa mabao matatu kwa sifuri. Na kwa kuwa kipa alikuwa amefika na kuvaa, akaandikwa yeye kuwa ndiye aliyefungwa. Hayo aliyaandika kwa mkono wake. Akafunga kitabu bila kuniangalia, na sikumwonea huruma.

Jioni kaka akaja nyumbani, uso umemnawiri.

"Shemeji, timu yangu haikufungwa uwanjani."

"Na kanuni imefuatwa," mume wangu akasema.

Wakapeana mikono. Kila mmoja alikuwa ameshinda, na kila mmoja alimpongeza mwenzake kwa moyo mweupe kwa kukubali kushindwa. Wakauliza chakula kiko wapi.

Binti akaingia, magoti yamechubuka. Akawaangalia, mmoja baada ya mwingine.

"Wale wanaojua kupiga mpira wamenipigia wakashindwa," akasema. "Nyie hamkuugusa hata kidogo, mmenifunga matatu."

Akaniwekea jezi mapajani. "Mama, yarudishe mabega yalivyokuwa. Mwenyewe ataihitaji."

Niliyafumua mabega usiku ule ule huku nikilia waziwazi sebuleni, ili wote wawili wanione. Kaka aliondoka bila kumaliza chai. Mume wangu alivua kitambulisho, akakiweka juu ya kabati, na asubuhi akakivaa tena.

Mkataba wa binti ulipoisha akaenda zake ligi nyingine, mbali, ambako hakuna mtu anayeitwa mjomba. Walimweka golini tangu mechi ya kwanza. Tulifunga safari kwenda kumwona, sisi watatu, maana kila mmoja wa wale wawili alisikia kwamba mwenzake anakwenda.

Langoni kaka akasema yeye ni mmiliki wa timu. Mume wangu akatoa kitambulisho. Mlinzi akakigeuza mbele na nyuma, akakirudisha na kuwaomba tiketi. Wakaelekezwa upande wa jua. Mimi, mama wa kipa, nilipewa kiti kivulini. Nilikitamani, Mungu anajua, lakini kuwaacha wale wawili peke yao ni kumwaibisha mtoto ugenini. Nikaenda kukaa katikati yao.

Karibu na mapumziko mtu akafyatua shuti kutoka mbali. Mwanangu akaruka, vidole vikaugusa, ukaingia.

"Ameotea!" akapiga kelele mume wangu.

"Refa! Huoni?" akapiga kelele kaka.

Walikuwa wamesimama wote wawili, vidole juu, wanakubaliana kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wao uanze. Kule chini binti yangu alilala kidogo kwenye nyasi, akainuka, akautoa mpira wavuni. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akapiga glovu zake kofi moja, akaurusha mpira katikati, akarudi mahali pake na kuwapanga mabeki wake kwa sauti tuliyoisikia mpaka juani.

"Kaeni chini," nikawaambia. "Hilo amefungwa mwenyewe. Mwacheni nalo."

Wakakaa kwenye zege la moto, na hakuna aliyeuliza nani aanze kukaa.